Nasaba, Makazi na Shauri la Watu

Kabla ya kuingia wageni, Waluguru wa milimani hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwahukumu wote. Kila ukoo, ukihesabu nasaba kwa upande wa mama, ulikuwa na mkubwa wake mwenye dhamana ya ardhi na matambiko, na ijapokuwa Kingalu wa Kinole alipata heshima ya mbali kwa kuombea mvua, hakuwa na amri juu ya jembe la mtu wa ukoo mwingine. Waingereza, ambao chini ya Gavana Donald Cameron walieneza utawala wa kupitia kwa machifu, walimhitaji mtu wa kupokea amri na kukusanya kodi. Hivyo mtu huyo, aliyeitwa sultani, akashika mamlaka ambayo asili yake ilikuwa Boma, si koo.

Tofauti hiyo ilidhihirika katika shauri la matuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali, ikihofia mmomonyoko wa udongo, iliwalazimisha watu kukata ngazi katika miteremko, kazi ya sulubu katika nchi ambayo udongo wake wa juu ni mwembamba, hata mkulima aliyetii akajikuta anapanda mahindi katika udongo wa chini usio na rutuba. Siwalaumu mabwana shamba kwa kuhofia milima kuchakaa. Walakini wenye mashamba hawakutakwa shauri, na Sultani Sabu bin Sabu, ambaye ndiye angaliwasemea, ndiye aliyekuwa akiwahimiza. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, milimani humo, kupinga matuta, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na hatimaye mradi ukaachwa. TANU, ambayo miongoni mwa waasisi wake wa 1954 alikuwamo Patrick Kunambi, Mluguru, iliikuta milima ile imekwisha kusoma siasa bila mwalimu.

Swali la nani amsemee mtu ni la kale. Wanaosimulia demokrasia ya Athens aghalabu husifu mkutano wa raia. Mimi huona ajabu zaidi tendo la Cleisthenes, mnamo mwaka 508 kabla ya Masihi, la kuwaandikisha raia kwa vijiji walimokaa badala ya kuwatambua kwa nasaba za kale, ingawa wanawake, watumwa na wageni waliachwa nje ya daftari.

Kwetu Tanzania mamlaka ya machifu yalifutwa 1963, kikaja chama kimoja kisheria 1965, kisha vyama vingi 1992, baada ya Tume ya Jaji Nyalali kuvipendekeza ilhali wengi wa waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee: kitendawili ambacho wanafalsafa wangalikifurahia.

Hapa Kihonda, mjini Morogoro, penye viwanda na wapangaji kutoka kila pembe ya nchi, hakuna ukoo wa kumsemea mtu. Haki yake hutokana na kukaa mtaani. Mama muuza vitumbua, aliyehamia mwaka jana, aweza kusimama katika mkutano wa mtaa akauliza mchango wa mfereji umekwenda wapi, na mwenyekiti, aliyechaguliwa na wakaazi kwa miaka 5, imempasa kujibu kadamnasi. Huyo mama mwenyewe, hata hivyo, hawezi kuugombea uenyekiti pasipo kudhaminiwa na chama, na mtendaji wa mtaa anayeketi kando ya mwenyekiti, akiandika majibu, ni mwajiriwa ambaye kura za mtaa haziwezi kumwondoa.