Akiba ya Juni Ndiyo Chakula cha Agosti: Funzo Kutoka Nakivale

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini mama mwenye gunia la mahindi katika nyumba ya udongo anajua kwamba akiba isiyotunzwa huoza, hutobolewa na fukusi, huliwa na panya, na mara nyingine huliwa na wenye nyumba wenyewe kabla mvua ya kupandia haijanyesha. Mahali pa kulifahamu jambo hili barabara ni katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki ya jiji la Mbarara, huko Uganda ya magharibi.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchini mwao. Tangu hapo wamefika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, hata leo makazi hayo yana watu zaidi ya 150,000. Sokoni Base Camp, Juru na Rubondo, mtu wa Bujumbura humwuzia mtu wa Mogadishu nyanya kwa Kiswahili, na bei ikapatana bila mkalimani.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Naye akipelekwa makazini hugawiwa kipande cha ardhi. Huo ni utaratibu wa heshima ambao nchi nyingi hazinao. Hata hivyo, kadiri watu walivyozidi kuongezeka ndivyo vipande hivyo vilivyozidi kuwa vidogo, wala udongo wake haupumziki.

KISIWA KATIKA NCHI KAVU

Mtu aishiye kisiwani hutazama bahari akingojea jahazi. Mtu wa makazini naye, kwa miaka mingi, alitazama barabara akingojea lori la chakula. Wote wawili wana hofu moja: itakuwaje siku chombo kisipofika?

Watu wa Visiwani wana kumbukumbu ya kale juu ya jambo hili. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Merikebu zilizotia nanga zilivunjika, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho iling'oka. Pemba ikasalimika, na baadaye karafuu ya Pemba ndiyo iliyoibeba biashara hiyo. Lau mikarafuu yote ingalikuwa Unguja, hasara ingalikuwa kubwa kupita kiasi. Ni dhahiri kwamba mali iliyowekwa mahali pamoja huangamia pamoja.

Katika siku zetu, mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia kisiwa cha Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa onyo mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Siku kama hizo, nyumba yenye unga, mafuta ya taa na maji safi ya siku chache hulala usingizi. Nyumba inayonunua unga wa jioni jioni ile ile ndiyo inayotaabika. Nakivale haina bahari, lakini hesabu yake ni ile ile.

LORI LILIVYOPUNGUA

Mwezi wa Aprili 1920 hakukuwa na lori la msaada, wala Aprili 2020 halikukoma kuja. Ila mwaka huo wa 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, kwa sababu ya upungufu wa fedha. Mwezi wa Februari 2021 mgao ukashuka hadi asilimia 60 ya kiwango cha kawaida. Mwezi wa Julai 2023 familia ziligawanywa katika mafungu matatu: zenye dhiki kubwa zikapata asilimia 60, zenye dhiki ya wastani asilimia 30, na zile zilizohesabiwa kuwa zaweza kujitegemea zikaondolewa. Mwezi wa Mei 2025 fedha za wafadhili zilipopungua tena, wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda walisimamishiwa chakula cha msaada.

Wakati huo huo wageni walikuwa wakiingia. Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na mwezi uliofuata Bukavu nayo ikatekwa. Maelfu ya Wakongo walivuka mpaka, na sehemu yao walipelekwa Nakivale. Hivyo sufuria ikazungukwa na watu wengi zaidi huku kilichomo kikipungua.

Hapana budi kusema wazi kwamba mzee asiye na mtoto, mgonjwa, au mama aliyefika jana akiwa na watoto mgongoni, hawawezi kuambiwa wajitegemee kesho. Hao wanastahili msaada, na dunia inapaswa kuutoa. Lakini kwa familia yenye mikono na kishamba, funzo la miaka hii ni kwamba msaada hupungua kwa sababu zinazoamuliwa mbali sana, na taarifa zake hufika zikiwa zimechelewa.

UAMUZI WA AGOSTI HUFANYWA JUNI

Chukulia mama mmoja wa watoto wanne. Ni mwezi wa Agosti, jua ni kali, mahindi ya msimu wa kwanza yamekwisha. Juu ya dari ana mfuko wa kilo kumi za maharage ya mbegu. Kilo hizo zinatosha kupanda kishamba cha robo eka mvua ya Septemba itakapoanza, na mavuno yatapatikana Desemba. Lakini kilo hizo hizo zikipikwa zitalisha nyumba kwa muda wa wiki tatu hivi. Mtoto mdogo analia. Afanye nini?

Aliyeshiba asimhukumu mama huyu. Akizipika, hakuna wa kumlaumu. Akizihifadhi, watoto watalala njaa. Ukweli ni kwamba mwezi wa Agosti hana tena njia njema ya kuchagua. Njia njema ilikuwapo mwezi wa Juni, siku ya mavuno, wakati maharage yalipokuwa yameanikwa kwenye turubai na wachuuzi wakipita na mizani yao.

Kwa hiyo maandalizi ya maafa huanza siku ya shibe. Siku ya mavuno yafaa mazao yagawanywe mafungu matatu mbele ya watu wote wa nyumbani: fungu la chungu, fungu la mbegu, na fungu la akiba lisilofunguliwa mpaka mwezi uliotajwa. Kinachouzwa kitoke katika fungu la chungu baada ya kuhesabu midomo na siku. Mume naye awepo, kwa maana akiba nyingi huvunjwa na mwenye nyumba asiyekuwapo ilipopangwa.

Tena, mbegu ni salama zaidi zikiwekwa pamoja na za majirani. Wanawake kumi wakiweka kilo mbili mbili katika pipa moja lenye kufuli, na funguo zikashikwa na wawili, hakuna atakayeamka usiku kuzipika. Atakayefikwa na dhiki atakopeshwa chakula na kundi, wala mbegu haitaguswa.

KUTUNZA NAFAKA

Nafaka huharibiwa zaidi na unyevu. Mahindi yasipokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hilo hutoa sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 huko Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo usianike mahindi juu ya ardhi tupu; tumia turubai au mkeka, uyageuze mara kwa mara, na uyafunike mvua ikitanda.

Ukitaka kujua kama yamekauka, tia punje kiasi katika chupa safi iliyo kavu, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, yako tayari kuwekwa.

Yaweke katika pipa au mfuko usiopitisha hewa, ujaze mpaka juu, ufunge kabisa. Fukusi waliomo watakosa hewa na kufa bila dawa. Chombo kisikae sakafuni wala kisiegemezwe ukutani; kiwekwe juu ya ubao. Na mahindi yenye rangi ya kijani au nyeusi yasipewe watoto, wala yasipewe kuku.

JUA, MVUA NA RADI

Mwaka 2016 ukame uliipiga wilaya ya Isingiro. Migomba, ambayo ndiyo nguzo ya chakula cha watu wa huko, ilikauka, na serikali ikalazimika kupeleka chakula cha msaada kwa wenyeji. Njaa ile haikuuliza nani ni raia na nani ni mkimbizi. Mto Rwizi, unaopita katikati ya Mbarara na kuelekea kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, umedhoofika kwa sababu ya kilimo kwenye kingo zake na kukaushwa kwa mabwawa ya matete. Anayekata mti wa mwisho kilimani kwa ajili ya mkaa anaukata mto wa watoto wake.

Mvua nayo ina hatari zake. Tarehe 2 Novemba 2024 radi iliwapiga watu waliokusanyika kwa ibada katika makazi ya Palabek, wilayani Lamwo, wakafa watu 14, wengi wao watoto. Mawingu yakitanda na ngurumo ikisikika, mpira uachwe, ng'ombe waachwe, na watu wasijikinge chini ya mti ulio peke yake. Shule na makanisa yenye mabati yawekewe vikinga radi. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Asaidiwe upesi bila hofu.

Baada ya mafuriko huja kuhara. Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote. Kuni zikikosekana, maji maangavu yatiwe katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi na kuachwa juani saa sita, au siku mbili kama kuna mawingu. Kibuyu chirizi na sabuni viwe karibu na choo. Mtoto akiharisha, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, umnyweshe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Kipimo cha chumvi kisizidishwe.

Mwisho, kila nyumba iwe na mfuko mmoja usioingiza maji, wenye kadi za familia, kadi za chanjo, cheti cha shule, kiberiti, tochi, dawa za mgonjwa na fedha kidogo. Mtoto mkubwa ajue ulipo. Aliyewahi kukimbia usiku anaelewa thamani yake.

WAJIBU WA ASKARI NA JAMAA ZAKE

Maafa yakitokea, askari na polisi ndio aghalabu wa kwanza kufika na sepetu na kamba. Lakini askari anayejua kwamba nyumbani kwake kuna akiba hufanya kazi kwa moyo mmoja. Yule aliyeacha debe tupu huwa na mawazo mawili. Mke wa askari wa kambi ya Makenke, Mbarara, na mama wa Nakivale wanafanana kuliko wanavyodhani: mmoja hungoja mshahara wa mwisho wa mwezi, mwingine alingoja lori. Mshahara huchelewa, uhamisho hutokea ghafla, na bwana huitwa zamu ya mbali. Kilo tano za maharage makavu ndani ya pipa na bustani ya sukuma wiki nyuma ya nyumba ni silaha isiyohitaji kibali.

Tena askari anayelinda njia za makazi akumbuke kwamba wengi waliomo humo walikuwa na mashamba, maduka na shule zao. Katika vita vya mwaka 1979 watu wa Mbarara wenyewe waliukimbia mji wao ulipogeuka uwanja wa mapigano. Hakuna taifa lililoandikiwa kuwa mwenyeji daima, na lingine kuwa mgeni daima.

Msimu wa mavuno utakapofika tena, turubai zitatandikwa na wachuuzi watapita na mizani. Akina mama, akina baba, gawanyeni mafungu siku hiyo hiyo, kabla ya nyimbo na pombe. Ndipo mwezi wa Agosti yule mama wa watoto wanne atakaposikia mtoto akilia, afungue fungu la akiba na kuinjika chungu, na mfuko wa mbegu ubaki juu ya dari ukingoja mvua.