Sarufi Ndani ya Mtambo: Usomaji wa Kiswahili Katika Ujumbe wa Simu za Biashara

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mtambo wa kupokea ujumbe wa simu katika ofisi ya biashara unavyoweza kutayarishwa ili usome maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba matatizo makubwa ya kazi hiyo ni ya kisarufi kuliko ya kiufundi. Aghalabu kazi hii huachiwa fundi peke yake. Matokeo yake ni sauti ambayo maneno yake yote ni ya Kiswahili ilhali sentensi zake si za Kiswahili. Naye msikilizaji, asiyejua yaliyotendeka ndani ya mtambo, huilaumu lugha.

Hataza ya mtambo wa ujumbe wa sauti alipewa Gordon Matthews huko Marekani mwaka 1983. Katika miaka hiyo hiyo Dennis Klatt, wa chuo cha MIT, alikuwa akiendeleza kanuni za kuiwezesha tarakilishi kusoma maandishi. Kuhusu Kiswahili, mwaka 2005 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza mfumo wa usomaji uliojengwa juu ya programu ya Festival. Kwa hiyo uwezo wa mashine kutamka Kiswahili si jambo la kubahatisha tena. Linalobaki ni swali la nini itamke, na kwa mpangilio gani.

2. Idadi na ngeli

Mitambo mingi hutumia sentensi yenye pengo, ambamo idadi hutiwa inapohitajika. Katika Kiingereza pengo hilo hutangulia nomino. Katika Kiswahili nomino ndiyo itanguliayo, na idadi huifuata kwa upatanisho: wateja wawili, vifurushi viwili, simu mbili. Upatanisho huu huhusu moja hadi tano, pamoja na nane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Tena hujitokeza katika idadi kubwa zaidi, kama vile wateja kumi na wawili. Ni dhahiri, basi, kwamba orodha moja ya tarakimu zilizorekodiwa haitoshi. Kila pengo halina budi kuambatana na maelezo ya ngeli ya nomino yake.

Neno ujumbe lenyewe lina utata. Wako wasemaji wasiolipa wingi, na wako wasemao jumbe. Mtayarishaji anaweza kushawishika kukwepa suala hili kwa kusema, "Watu watatu wamekuachia ujumbe," lakini huenda mtu mmoja ndiye aliyepiga mara tatu. Ni afadhali kuchagua "jumbe tatu mpya" na kushikilia uamuzi huo katika mtambo mzima.

Fedha huhitaji uangalifu zaidi. Tamko "shilingi elfu ishirini na tano" laweza kufahamika kuwa 25,000 au 20,005. Katika mazungumzo, pumziko na muktadha huondoa shaka. Mashine isiyoelekezwa huzisoma zote mbili kwa namna moja. Lugha ya alama za usomaji iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwaka 2004 humwezesha mtayarishaji kuweka pumziko mahali apatakapo. Kwa hiyo 20,005 isomwe "elfu ishirini", kisha pumziko, ndipo "na tano". Nambari ya simu, kwa upande mwingine, isomwe tarakimu moja moja.

3. Saa na siku

Kosa la saa ndilo lenye hasara ya wazi kabisa. Ichukuliwe kwamba mteja ameacha ujumbe saa 8:00 asubuhi kwa hesabu ya mtambo. Mashine ikitamka "saa nane", msikilizaji ataelewa kuwa ni alasiri, na miadi itapotea. Kanuni ni nyepesi: saa ikizidi sita, zitolewe sita, isipozidi, ziongezwe sita. Hivyo 8:00 huwa saa mbili, 12:00 huwa saa sita, na 6:00 huwa saa kumi na mbili. Baada ya hapo huongezwa asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Usiku nao una mkasa wake. Kwa mapokeo ya pwani, siku huanza jua linapotua. Hivyo "usiku wa Jumatatu" waweza kuwa ule unaoitangulia Jumatatu. Maneno "usiku wa kuamkia Jumatatu" huondoa shaka hiyo kwa wasikilizaji wa pwani na wa bara.

4. Matamshi na kiimbo

Tahajia ya Kiswahili hukaribiana sana na matamshi, hata fundi akadhani kwamba hakuna la kuongeza. Hata hivyo mbuni, ndege, ana silabi mbili, ilhali mbuni, mti wa kahawa, una tatu. Majina ya watu ni magumu zaidi. Katika Gikuyu, th ya Thuo hutamkwa kama dh ya Kiswahili, na c ya Wacira hukaribia sh. Kwa sababu hiyo mtambo wa ofisi ya Kenya unahitaji orodha ya matamshi ya majina, kwani mteja husamehe mengi lakini si kuharibiwa jina.

Swali nalo huweza kutofautiana na taarifa kwa kiimbo pekee: "Umemaliza." "Umemaliza?" Mashine isiyoaminika katika kiimbo isaidiwe kwa neno "je" mwanzoni mwa swali.

5. Hitimisho

Majaribio yafanywe kwa simu, wala si kwa kipaza sauti cha tarakilishi. Simu ya kawaida hupitisha mawimbi ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na katika upana huo tofauti ya f, s na th hufifia.

Yaliyoelezwa hapa hayamtaki mtaalamu wa lugha awe fundi. Yanadai awepo mwanzoni, sentensi zinapotungwa, badala ya kuitwa mwishoni kusahihisha tafsiri. Kiswahili kinazo kanuni za kutosha kwa mtambo wowote. Kazi ya wanaozijua ni kuzieleza kwa ukamilifu ambao hata mashine itaweza kuzifuata.