Kusubiri haki si kunyamaza

Wafanyabiashara wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda waliokuwa na maduka mjini Lilongwe hawataisahau Mei 2023. Serikali ya Malawi iliwapa hadi Aprili 15 wawe wamerudi kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Siku zilipopita, msako ukaanza. Maduka yalifungwa, mali ikapotea, na baadhi yao, watoto wakiwamo, walilala gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Kambi hiyo ilitengwa kwa watu wasiozidi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000.

Mkristo aliyetendewa hivyo afanye nini? Wapo wanaomwambia anyamaze, Mungu anaona. Lakini mjane wa Luka 18 hakunyamaza. Hakimu alikuwa dhalimu, naye mama hakushika jiwe wala hakukata tamaa. Alirudi na dai lile lile mpaka akapewa haki yake.

Wakimbizi nao walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021, amri ikazuiwa. Mwaka 2022 zuio likaondolewa. Kushindwa kortini hakuligeuzi dai la kweli kuwa uongo.

Ndugu msomaji, uwe umerudi nyumbani au ungali unavuka mpaka na bidhaa, tunza leseni, stakabadhi na orodha ya ulichopoteza. Dzaleka ilikuwa jela ya wapinzani wa Kamuzu Banda. Banda aliondolewa kwa kura mwaka 1994. Subira yenye ushahidi mkononi ni sala pia.