Je, Wajua? Mpango wa Nyakoe unaweza kuanzia simuni

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti ya Kenya iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, na sheria yenyewe inasomwa bure katika tovuti ya Kenya Law. Kwa mkazi wa Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii–Kisumu, hilo si jambo la wataalamu peke yao. Sensa ya 2019, iliyo wazi mtandaoni, ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii. Picha za setilaiti nazo zinaonyesha mashamba yaliyogawanywa vipande vyembamba kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, paa za mabati zikizidi kuingia migombani. Ukivisoma viwili hivyo pamoja, unatambua ni wapi lazima njia ya maji taka iachwe kabla ukuta haujapanda.

Utaambiwa wengi hawana intaneti, na nyaraka zenyewe ni za Kiingereza. Ni kweli, lakini anatosha mmoja wa kuzisoma na kuzieleza kwa Ekegusii barazani kwa chifu. Na mpango usipopatikana mtandaoni? Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu raia aliyeuomba.