MASHARTI YA MIKUTANO RASMI KWA NJIA YA ELEKTRONIKI

Kamati yenye wajumbe Unguja na Pemba huokoa nauli na siku za safari inapokutana kwa simu au kwa mtandao. Hata hivyo, ieleweke kwamba urahisi huo hauufanyi mkutano kuwa halali. Uhalali hutokana na sheria au katiba ya taasisi inayohusika. Ruhusa hiyo isipokuwapo, azimio lililopitishwa laweza kupingwa, na malipo au ajira iliyoidhinishwa ikaingia mashakani.

Mfano ni wa England, nchini Uingereza. Kutokana na maradhi ya UVIKO-19, kanuni maalumu zilizoanza kutumika tarehe 4 Aprili, 2020 ziliruhusu mabaraza ya serikali za mitaa kukutana kwa mbali. Mjumbe alitakiwa awasikie wenzake na asikiwe nao, na pale ilipowezekana waonane. Ruhusa hiyo ilihusu mikutano ya kabla ya tarehe 7 Mei, 2021 tu. Baraza la Hertfordshire na wenzake walifungua shauri, wakidai kwamba Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1972 yatosha kuiendeleza mikutano hiyo. Tarehe 28 Aprili, 2021 Mahkama Kuu ilikataa: kwa mujibu wa sheria hiyo, mkutano hufanyika mahali pamoja palipotajwa, na kuhudhuria ni kufika mwenyewe. Scotland, kwa upande wake, ilikuwa na kifungu cha wazi cha kushiriki kwa mbali tangu mwaka 2003.

Taasisi inayotaka utaratibu huu yafaa iweke masharti yafuatayo katika katiba au kanuni zake:

(a) Mwito utaje siku, saa, ajenda na njia ya kujiunga.

(b) Wajumbe wote wasikilizane kwa wakati mmoja. Kupelekeana maandishi kwa zamu si mkutano.

(c) Katibu aite majina mwanzoni na kabla ya kila kura. Aliyekatikiwa na mawasiliano asihesabiwe mpaka arejee. Akidi ikipungua, Mwenyekiti asimamishe shughuli.

(d) Kura ipigwe kwa kuitwa majina. Jambo linalohitaji kura ya siri lingojee mkutano wa ana kwa ana, iwapo mtambo hauwezi kuihifadhi siri hiyo.

(e) Mkutano ulio wazi kwa wananchi uwape nao njia ya kuusikiliza.

(f) Kumbukumbu zionyeshe nani alishiriki kwa mbali, saa aliyoingia na aliyotoka, na matokeo ya kura.

Katiba isiyotaja mikutano ya aina hii irekebishwe kwanza, na marekebisho hayo yapitishwe na wajumbe waliokutana ukumbini. Yakipitishwa kwa simu, yatakuwa yamejengwa juu ya ruhusa ambayo bado haijatolewa, na kila azimio litakaloyafuata litabeba kasoro hiyo hiyo.