Vumbi la Newala na usalama wa matundu ya kamera za video

WAPIGA picha za video wengi huifuta lenzi kila mara, lakini huyasahau matundu madogo yaliyo ubavuni mwa kamera. Kupitia matundu hayo kamera huchajiwa, hupokea sauti kutoka kwenye kipaza sauti na kupeleka picha kwenye kompyuta au televisheni. Likiharibika moja tu, kazi ya siku nzima yaweza kupotea.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika maeneo kama Newala, mji ulio juu ya uwanda wa Makonde, ukilitazama bonde la Mto Ruvuma na nchi jirani ya Msumbiji. Wakati wa kiangazi ardhi hukauka na upepo huinua vumbi jepesi. Sherehe za kuwatoa vijana jandoni na unyagoni hufanyika katika viwanja vya wazi, ambako miguu ya wacheza ngoma hulizidisha vumbi hilo. Kijana hutolewa jandoni mara moja tu maishani. Picha iliyokosekana siku hiyo haipatikani tena.

Kurekodi ngoma katika eneo hilo si jambo jipya. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani, Karl Weule, kutoka makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na kamera ya filamu na fonografu. Kamera yake iliendeshwa kwa kuzungusha mpini kwa mkono. Kamera za sasa hutegemea pini nyembamba za chuma, ambazo chembe chache za mchanga hutosha kuzizuia zisigusane.

Uharibifu hutokea kwa njia kuu tatu. Kwanza, vumbi hujikusanya ndani ya tundu, na kila plagi inapoingizwa hulishindilia na kukwaruza pini. Pili, vumbi likichanganyika na jasho au ukungu wa asubuhi, huleta kutu. Tatu, waya ukikwaliwa na mpita njia, nguvu yote huishia kwenye tundu. Kwa kuwa matundu mengi yamelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, tundu likilegea ni bodi yenyewe inayopaswa kufunguliwa na fundi.

Viwango vya kiufundi vinataka tundu la USB la aina ya C listahimili plagi kuingizwa na kuchomolewa mara 10,000. Hata hivyo, plagi yenye mchanga au inayosukumwa upande haiwezi kulifikisha umri huo.

Kinga yake haina gharama kubwa. Vifuniko vya mpira vifungwe kila tundu lisipotumika. Kilichokatika kizibwe kwa kipande cha utepe usioacha gundi. Plagi ipanguswe kabla ya kuingizwa, na iingizwe ikiwa imenyooka bila kulazimishwa. Waya ufungwe kwenye mguu wa kamera huku ukiachiwa ulegevu kidogo, ili ukivutwa, mguu ndio upokee nguvu.

Vumbi lililokwisha kuingia litolewe kwa kipulizio cha mpira, kamera ikiwa imezimwa na tundu limeelekezwa chini. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwani mate na unyevu wa pumzi huingia pamoja na hewa. Sindano, pini na njiti ya kiberiti navyo viepukwe, kwa sababu hukunja pini za ndani.

Wenye kamera za zamani za kanda ndogo za MiniDV wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Sherehe nyingi za miaka ya 2000 zingali katika kanda hizo, na njia ya kawaida ya kuzihamishia kwenye kompyuta bila kupunguza ubora ni tundu la DV, ambalo pia huitwa FireWire au i.LINK. Tundu hilo lina pini nne nyembamba, na plagi ikigeuzwa na kulazimishwa huziharibu. Ni salama zaidi kuzima kamera na kompyuta kabla ya kuunganisha waya.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mpiga picha wa Newala, ufa huo ni tundu lisilozidi upana wa kidole, na kifuniko chake kinapaswa kurudishwa mahali pake kabla ngoma haijaanza kulia.