Unaenda komyuniti koleji Marekani? Piga hesabu ya krediti kabla ya kupanda ndege

Harambee imefanyika, viza imetoka, na mtaa mzima unajua unaenda kusoma California. Hongera! Lakini kabla hujafunga sanduku, hebu tuongee kuhusu krediti.

Kwenye karatasi, mpango ni safi. Unasoma miaka miwili komyuniti koleji, ambako karo ni nafuu, kisha unahamia chuo kikuu kumalizia digrii kwa miaka mingine miwili. Shida ni kwamba krediti hazitumwi kama pesa za M-Pesa, bonyeza na zimefika. Chuo unachohamia ndicho huamua kozi zipi zitahesabiwa.

Si mchezo. Mwaka 2017, GAO, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, ilikadiria kuwa wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Na wewe ukiwa mgeni, karo yako iko juu kuliko ya mwenyeji. Semesta moja ya kurudia inaweza kumfanya mzee auze kipande kingine cha shamba.

Sasa fanya hivi. Kwanza, chagua digrii na chuo kikuu unachotaka, ndipo uchague kozi za koleji. California ina tovuti ya bure inayoitwa ASSIST. Inakuonyesha kozi ya koleji yako inalingana na ipi kule University of California ama California State University.

Pili, usiulize tu, "Kozi hii itakubaliwa?" Uliza, "Itahesabiwa kwa digrii yangu?" Kozi inaweza kupokelewa kama nyongeza tu, na bado ukaambiwa usome nyingine.

Tatu, ulizia TAG. Ukitimiza masharti yake, unahakikishiwa nafasi katika mojawapo ya kampasi sita za University of California. Berkeley na UCLA hazimo. Maombi hufanywa Septemba, mwaka mmoja kabla ya kujiunga, kwa hivyo usingoje dakika ya mwisho.

Nne, weka silabasi ya kila kozi. Ukikataliwa krediti, hiyo ndiyo ushahidi wako.

Sisi tulioacha chuo njiani tunajua karo ikishalipwa hairudi. Kwa hivyo leo usiku, kabla hujapost picha ya tiketi, fungua ASSIST, weka jina la koleji yako na digrii unayotaka, usome kilichoandikwa hapo hadi mwisho.